Bei ya Mwenzako Si Mtaji Wako

Ugomvi uliowagawa wakusanyaji wa sarafu za kale hapa Mbeya haukutokana na mali kubwa. Kijana mmoja alinunua heller 20 ya Tabora ya mwaka 1916, sarafu ya enzi za Mjerumani, kutoka kwa mzee wa Uyole kwa shilingi 20,000. Wakapeana mikono, wakaachana vizuri. Haukupita muda, sarafu ileile ikawa mikononi mwa mgeni aliyekuwa akipita kuelekea Malawi, naye alikuwa ameinunua kwa 150,000. Mzee alipopata habari hakudai hata senti. Alisema tu kwamba angejua inakwenda kuuzwa nje, angempa mtu mwingine, au asingeuza kabisa. Tangu siku hiyo wapo wanaomwita yule kijana mlanguzi, na wapo wanaomtetea kwamba biashara ni biashara, kila mtu ale kwa urefu wa kamba yake.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zinakosea, na zinakosea mahali pamoja: zote zinaitazama ile 130,000. Mimi sina neno na faida. Ninachokipinga ni mtu kupewa bei kwa sababu ni mwenzetu, kisha akaenda kuuza kama mtu ambaye hakuwahi kuwa mwenzetu, na katikati akanyamaza kimya.

Ili tuelewane, sarafu yenyewe ijulikane kwanza. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, manowari za Uingereza ziliifunga pwani ya koloni la Wajerumani na sarafu kutoka Ujerumani zikakoma kufika. Mwaka 1916 watawala wakaanza kujitengenezea za kwao Tabora, kwa mitambo ya karakana ya reli. Walitengeneza heller 5 na heller 20, na ile rupia 15 ya dhahabu yenye picha ya tembo, ambayo dhahabu yake ilitoka Sekenke. Za dhahabu zilipatikana kama 16,000 tu. Heller 20 zilitoka kwa wingi zaidi, kwa haraka na kwa zana duni, ndiyo maana ukiziweka tano mezani huwa hazifanani. Ipo yenye taji kubwa na ipo yenye taji dogo. Zipo ambazo herufi L ina ncha kali na nyingine ncha yake imejipinda kidogo. Asiyejua ataona vyuma vitano chakavu vya aina moja. Anayejua atavitenga kwa lenzi ya mkononi, na kimoja kati ya hivyo vitano kinaweza kuwa na bei mara kadhaa ya vingine.

Sasa ujuzi huo yule kijana aliupata wapi? Aliupata kwa hao hao wazee, bure, kwenye viti vya plastiki, wakimwonyesha taji kubwa na dogo hadi akaweza kutofautisha mwenyewe. Hilo nitalirudia, maana ndilo shina la kesi nzima.

Kwanza niseme kwa nini neno mlanguzi halimfai. Ukali wa wanaolitumia una historia yake. Mwaka 1983, serikali ilipotangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, nchi ilikuwa na uhaba wa karibu kila kitu: sukari, sabuni, nguo, mafuta ya kupikia. Ikatungwa sheria maalumu, watu wakakamatwa, wengine wakatupa bidhaa usiku wasikutwe nazo. Aliyekulia miaka ile amebaki na hisia kwamba kununua hapa na kuuza pale kwa bei ya juu ni uovu wenyewe. Lakini mlanguzi wa 1983 alificha kitu ambacho nyumba ya jirani ilikihitaji usiku ule. Hakuna mtoto anayelala njaa kwa kukosa heller 20. Kuyaweka mambo haya mawili kwenye kapu moja ni kumwonea muuzaji wa sarafu, na pia ni kuyadogosha machungu ya watu waliopanga foleni za sabuni.

Tena bila wanaotafuta faida, sehemu kubwa ya tulivyo navyo isingekuwepo. Rupia za Mjerumani zenye sura ya Kaiser Wilhelm wa Pili na kofia yake ya tai zina fedha zaidi ya asilimia 90. Kwa vizazi vingi masonara waliziyeyusha zikawa bangili na hereni, kwa sababu kwao ilikuwa ni malighafi tu. Heller zenye tundu katikati zilitungwa uzi zikawa urembo. Kilichozuia nyingine zisiishie huko ni habari kwamba mjini kuna mtu anazinunua kwa bei kubwa kuliko sonara. Yule anayepanda gari la alfajiri kutoka Njombe kwenda Makete au Ludewa, akalala huko, akazunguka vitongoji kwa bodaboda, akarudi na sarafu nne kwenye mfuko wa shati, huyo amefanya kazi. Auze kwa faida, na ikiwezekana faida nono. Anayeona amezidisha aende mwenyewe Ludewa mwezi Machi.

Kesi ya kijana wetu ni nyingine. Yeye hakwenda Ludewa. Alikwenda Uyole, kwa mtu anayemwamkia shikamoo, akapewa bei ya ndani. Bei ya ndani tunaijua sote: mkusanyaji akimwuzia mkusanyaji mwenzake huwa anashusha, na anashusha kwa makusudi. Anajua sarafu inakwenda kwa mtu atakayeitunza, atakayeileta siku tukikutana tuione tena, na kesho naye atamshushia mwingine. Ndani ya ile 20,000 kulikuwa na zawadi ambayo haikutajwa.

Wakulima wa nyanda hizi hawahitaji maelezo marefu hapa. Mbolea ya ruzuku iliporudi msimu wa 2022/23, ilishushwa bei kwa aliyejiandikisha na shamba lake. Anayeichukua kwa bei hiyo halafu akaivusha Tunduma kuiuza hawezi kujisifu kwamba ni mfanyabiashara hodari. Amechukua nafuu iliyowekwa kwa ajili ya shamba akaitia mfukoni. Katika ile 130,000 ya heller, sehemu fulani ni halali yake kabisa: alimpata mgeni, akaongea naye Kiingereza, akajua kuieleza sarafu. Sehemu nyingine ni ile nafuu ya mzee, na hiyo haikuwa yake kuivusha.

Wanaomtetea wana hoja nzito, nami sitaki kuipita juu juu. Wanasema kitu kikishauzwa ni mali ya mnunuzi, na sharti lisilotamkwa si sharti. Kama mzee alitaka sarafu ibaki ndani ya kundi letu la wakusanyaji, angesema. Mahakamani hoja hiyo ingeshinda. Lakini sisi hatuishi mahakamani. Mtu akikukopesha jembe hasemi usiliuze. Kati ya watu wanaofahamiana, mengi hayatamkwi kwa sababu kuyatamka ni kumwambia mwenzako kwamba humwamini. Ukitaka kila sharti litamkwe, basi kila anayeuza ataanza kuuza kwa bei ya mgeni, na kijana anayeanza leo na akiba ya elfu tano atakosa pa kuanzia.

Hata hivyo naikubali nusu ya hoja. Mtu anaweza kununua kwa nia njema, halafu maisha yakageuka: kodi ya nyumba, mtoto amelazwa, ada ya shule. Hapo hatakiwi kufa na sarafu mkononi. Anatakiwa kupiga simu moja. "Shikamoo mzee. Ile heller nimepata mtu wa laki na nusu, na mimi hapa nimebanwa. Ukitaka irudi kwako kwa bei uliyoniuzia, nakuletea." Namfahamu mzee mwenyewe, angejibu kama wazee wa huku wanavyojibu: uza mwanangu, utanipitishia sukari. Pesa zingekuwa zilezile, mgeni yuleyule, na ugomvi usingekuwepo.

Ndiyo maana kimya ndicho kinachonipa shida, na kimya hiki kina aina nyingine ambayo ni mbaya zaidi ingawa inazungumzwa kidogo. Ni pale mtu anapouliza swali mbele ya wote, na jibu likapelekwa pembeni.

Nitoe mfano wa noti. Benki Kuu ya Tanzania ilianza kazi Juni 1966, na noti zake za kwanza zilikuwa za shilingi 5, 10, 20 na 100, zenye sura ya Mwalimu Nyerere akiwa bado kijana. Ile ya 100 ilitoka kwa namna mbili. Mbele zinafanana, lakini nyuma moja ina Mmasai na mifugo, nyingine ina wanyamapori mbalimbali. Ya Mmasai ni adimu zaidi, na tofauti ya bei si ndogo. Sasa mwanachama mpya, mwalimu wa shule ya msingi huko Mafinga tuseme, ameikuta noti ya 100 ndani ya Biblia ya marehemu babu yake. Anapiga picha upande wa mbele tu, anaituma kundini: "Wakuu, hii inaweza kuwa na bei gani?" Kundi linakaa kimya. Dakika chache baadaye mmoja anamfuata pembeni: "Nitumie na ya nyuma, ndugu." Anaona Mmasai. Anamwambia, "Kwa kuwa ni ya babu, nakupa elfu thelathini."

Huyo hakusema uongo. Alitumia ujuzi wake, na ujuzi una thamani. Mimi naamini kabisa kwamba mtu aliyenunua katalogi, kitabu cha kutambulia sarafu na noti, kwa pesa yake na kukesha nayo ana haki ya kula matunda yake sokoni, mbele ya dalali mwenzake mwenye macho na simu kama yeye. Lakini aliyekuuliza amekukabidhi shingo. Swali lililoulizwa hadharani lijibiwe hadharani: geuza nyuma, kama ni Mmasai usiuze haraka. Baada ya hapo anayetaka kununua ataje bei yake mbele ya wengine. Huenda akaikosa. Basi aikose, kwa sababu na yeye siku ya kwanza aliuliza akajibiwa.

Tukitoka nje ya kundi, tukaingia vijijini, ujuzi huu unakuwa mkali zaidi. Nimewahi kumwona mnunuzi mmoja akiwa kazini, kwenye ua wa bibi mmoja wilayani Kilolo. Aliamkia vizuri, "Kamwene, bibi," akaketi kwenye kigoda, akapewa kopo la maziwa ya unga lililojaa vyuma. Akavimwaga kwenye ungo. Jicho lake nililiona likitua mahali, lakini mkono ukaenda kwingine: aliokota senti kumi za Malkia ambazo hazina bei, akazisifia, akaziweka pembeni, kisha katikati yake akapenyeza rupia mbili za fedha kana kwamba zimejichanganya tu. Rupia moja bibi alikuwa ameisugua kwa majivu na ndimu ili ing'ae kwa ajili ya mgeni, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kusugua kunaishusha sarafu bei. Mnunuzi akarundika yote pamoja. "Hizi zote nakupa elfu kumi bibi, za soda ya wajukuu." Bibi akajibu, "Mjukuu wangu, wewe ndiye unayejua."

Mtu akishakwambia hivyo, biashara ya kuvutana imekwisha. Huwezi tena kusema kila mtu aangalie lake, maana yeye ameshakuambia uangalie na la kwake. Msimamo wangu katika hali hii ni mkali na nimeshaambiwa hautekelezeki: asiyejua alipwe si chini ya nusu ya bei unayotarajia kuuzia, baada ya kutoa nauli na gharama. Wachuuzi wataniambia nyingine hazinunuliwi, nyingine zinakaa miaka kabatini. Kweli. Basi shusha makisio yako ya bei, lakini nusu ibaki nusu. Faida inayosimama kwa sababu tu bibi hajui kusoma maandishi ya Kijerumani si faida ya safari wala ya ujuzi.

Na kuna kiwango ambacho hata mjadala wa nusu haustahili. Benki Kuu iliwapa wananchi miezi mitatu, kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, kubadilisha noti za zamani: za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya 500 ya mwaka 2010. Kila noti ilibadilishwa kwa thamani yake kamili, Benki Kuu ikiwa na tawi hapa hapa Mbeya. Mtu aliyemnunulia mzee noti ya 10,000 kwa elfu tano ndani ya miezi ile hakuwa mkusanyaji na hakuwa mchuuzi. Alichukua elfu tano ya mzee, kwa kumficha tangazo la redio.

Baada ya tarehe ile kupita, ujanja umegeuka upande wa pili. Noti zilezile zinanadiwa kwa vijana kama adimu, eti zimefutwa, zitapanda. Nyingi kati ya hizo zilichapishwa kwa wingi na zimejikunja kunjo za kutosha, hazitapanda leo wala kesho. Noti inayotafutwa ni ile isiyokunjwa, yenye namba ya kwanza kwanza au toleo lililokaa muda mfupi. Anayemwuzia mwanafunzi wa chuo hapa Mbeya noti chakavu ya elfu moja kwa elfu kumi na tano, huku akijua, anamfukuza mtu kwenye hobi kabla hajaingia. Akigundua ameuziwa hewa hatarudi tena, na sarafu nzuri atakayoikuta kwao siku moja ataipeleka kwa yeyote.

Madhara hayaishii kwetu. Wote tunafahamu uvumi wa rupia, kwamba sarafu za Mjerumani zina madini ya siri na kuna tajiri mahali anazinunua kwa mamilioni. Watu wamechimba kando ya boma za kale na kwenye makaburi kwa uvumi huo, na waganga na matapeli wamekula pesa za wastaafu. Ndani ya rupia hakuna siri yoyote: ni fedha na shaba kidogo, gramu 11 na ushei. Lakini kila mlanguzi wa kweli, na sasa natumia neno hilo nikilimaanisha, anayejisifu kijiweni kwamba ameuza chuma kwa laki kadhaa bila kusema ni kipi na kwa nini, anatia kuni kwenye moto huo. Boma la Iringa leo ni makumbusho, na watoto wa shule wanaingia kujifunza habari za Mkwawa na Wahehe. Mahali pengine pa aina hiyo pamebaki na mashimo.

Kwa hiyo nimependekeza kwa wenzangu mambo machache. Anayenunua kwa bei ya ndani na akataka kuuza nje, airudishe kwanza kundini kwa bei aliyonunulia, na akikosa mtu kwa wiki mbili, awe huru kuuza popote kwa bei yoyote. Swali la wazi lijibiwe wazi. Anayeuza nakala, hasa ile rupia ya tembo ambayo nakala zake zimezagaa, aseme ni nakala kabla hajaulizwa. Wapo waliokubali, wapo walionuna. Mmoja aliniambia naigeuza hobi kuwa kanisa, lakini mwenyewe analipa mchango wa mazishi kila mwezi katika kundi lilelile, hivyo anajua kwamba hatukuungana kwa ajili ya vyuma peke yake.

Na mazishi ndipo linapotokea lile linaloniuma kuliko yote. Mkusanyaji anafariki. Ameacha albamu nne, kopo la sarafu ambazo hazijapangwa, na mke ambaye kwa miaka mingi aliyaita makorokoro. Wenzake tunafika na rambirambi, tunaimba, tunakula wali wa msiba. Hata arobaini haijafika, mmoja wetu amesharudi peke yake: "Mama, pole sana. Yale mambo ya mzee yanaweza kukusumbua, mimi nikusaidie kuyaondoa." Mjane ana deni la hospitali, ana ada ya Januari. Anapewa laki mbili kwa kazi ya miaka thelathini, na anashukuru. Aliyenunua anajua thamani ya kila ukurasa kwa sababu marehemu mwenyewe ndiye aliyemfunulia kurasa hizo, Jumapili baada ya Jumapili, akimweleza alikokipata kila kipande na alichokilipia.

Hapa sitaki hiari wala dhamiri ya mtu mmoja mmoja. Nataka kanuni iliyoandikwa na kusainiwa na kila mwanachama akiwa hai: albamu zisiguswe hadi arobaini ipite, orodha iandaliwe mbele ya watoto wakubwa wa marehemu, bei ya kila kitu iandikwe kwa kalamu na nakala ibaki kwa familia, ndipo wanachama washindane kununua. Na anayetathmini asitoke hapa. Kundi la Mbeya limwite mtu wa Iringa, la Iringa limwite wa Mbeya au Songea, alipwe nauli na posho yake, na katika mali ya marehemu huyo asiruhusiwe kununua chochote, hata senti ishirini yenye mbuni.